Kati ya Tisa na Arobaini

Kaka yangu anayeishi Louisville anaiamini arobaini na tano kama watu wengine wanavyouamini ubatizo wa maji mengi. Ukimwambia wapo walionyunyiziwa tu na mbingu zikawapokea, anacheka kwa huruma. Siku niliyokwenda kumtembelea, tulipomaliza kula, aliondoa sahani, akapangusa meza, akaleta risasi za aina nne na kuzisimamisha wima juu ya kitambaa, kutoka ndogo hadi nene, kama watoto wanaopangwa kupigwa picha ya familia. Kisha akasema, "Haya, mdogo wangu. Chagua."

Mimi ndiye niliyeomba ushauri, kwa hiyo sikuwa na haki ya kushangaa. Nilishangaa hata hivyo. Sikuwahi kuona risasi ikiwa imetulia. Nilizaliwa na kukulia kambini, Tanzania, upande wa Kigoma, baada ya wazazi wetu kukimbia Burundi, na kule neno hilo lilisemwa kwa sauti ya chini na wakubwa walinyamaza tukikaribia. Kwangu risasi ilikuwa kitu kinachopita. Sasa nne zilikuwa zimekaa kando ya chupa ya pilipili, zinang'aa rangi ya shaba, safi, na nzuri pia. Nilijikasirikia kwa kuziona nzuri, lakini ndivyo nilivyoziona.

Kaka alinifundisha majina. Ndogo ni mia tatu na themanini. Inayofuata ni tisa. Ya tatu ni arobaini. Na ile nene, ambayo aliitaja huku ameishika mkononi, ni arobaini na tano. Nikamwuliza inakuwaje mia tatu na themanini iwe ndogo kuliko zote. Akaeleza kwamba tisa ni milimita, kipimo chetu cha shuleni, na hizo nyingine ni vipande vya inchi, zina nukta mbele ambayo hakuna anayeitamka. Nilimwambia nchi inayoficha nukta itaficha na mengine. Hakucheka. Kaka yangu hutania juu ya kila kitu isipokuwa kipenyo cha risasi.

"Hata wahenga walisema," akaniambia, "siku za mwizi ni arobaini. Kama tano za nyongeza zinakutisha, basi chukua arobaini kamili."

Hapo akacheka, peke yake.

Sababu ya kwenda kwake ilikuwa hii. Ninaishi Columbus, peke yangu tangu nilipoachana na mume wangu, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia uji, kuwapa dawa. Natoka kabla jua halijachomoza. Asubuhi moja, kwenye maegesho ya nyumba ya mteja wangu, kijana mmoja aliniwekea bastola tumboni akataka mkoba. Nilimpa mkoba. Nilimpa na viatu, ambavyo hakuviomba. Alivitazama, akanitazama mimi, akaviacha chini kwa adabu na kuondoka. Watu hucheka nikifika hapo kwenye viatu, nami huwaacha wacheke. Wasichokiona ni kwamba tangu siku ile nilikuwa nikikaa ndani ya gari mbele ya kila nyumba, mlango nimeufunga, mkono umekataa kuufungua, na mzee wa watu ananisubiri ndani bila kifungua kinywa.

Nilipomsimulia kaka habari hiyo kwa simu, jambo la kwanza aliloniuliza ni, "Ilikuwa ya ngapi?"

"Ya ngapi nini?"

"Bastola yake. Tisa? Arobaini?"

Nikamwambia sikupata nafasi ya kumwuliza.

Basi nikaamua kununua yangu na kuibeba. Ohio na Kentucky haziulizi sana: mtu mzima asiye na doa mbele ya sheria anaweza kuificha bastola chini ya nguo akaenda nayo sokoni bila kibali chochote. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilidhani nimeelewa vibaya. Hapa hapa ambapo kukata nywele za watu kwahitaji leseni.

Lakini kulikuwa na mama. Mama alikuwa Cheektowaga, nje kidogo ya Buffalo, kwa mdogo wangu wa kike. Mdogo wangu alikuwa amepata chumba Kenmore, karibu na kazi yake mpya, ghorofa ya juu, ngazi tupu, na magoti ya mama hayataki ngazi. Tulikuwa tumekubaliana wote kwamba mama atahamia kwangu. Nilishamwandalia chumba. Nilishamnunulia sufuria nene, kwa sababu za kwangu anaziita makopo. Tangu niachike nilikuwa sijangoja kitu kwa hamu kama nilivyomngoja mama.

Na kaka yangu, ambaye mdomo wake hauna kitasa, akampigia simu kabla yangu.

Lazima nieleze neno moja. Kwa Kiingereza cha huku, mtu mwenye bastola kiunoni husemwa kwamba anabeba. Basi. Hawataji nini. Kaka amekaa Kentucky mpaka neno hilo limeingia kwenye Kiswahili chake, kwa hiyo alimwambia mama kwamba mimi nataka kubeba, tena kwa siri. Jioni ile mama akanipigia.

"Nimeambiwa unabeba," akasema. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukielewa, kama mtu anayejizuia.

"Bado, mama. Ndiyo kwanza nafikiria."

"Unafikiria sasa? Mambo hayo hufikiriwa kabla."

"Ndiyo maana sina haraka."

"Na kaka yako anasema ni kwa siri."

"Wengi huku wanafanya hivyo, mama. Watu hawatajua."

"Hawatajua mpaka lini? Itaonekana tu, mwanangu!"

"Haionekani ukivaa nguo pana. Na mimi ni mrefu. Kinachonisumbua ni ukubwa. Sasa hivi niko kati ya tisa na arobaini."

Mdogo wangu anafanya kazi hospitalini, na mama amejifunza kwake kuhesabu mambo fulani kwa wiki.

"Kati ya tisa na arobaini!" akafoka. "Ni daktari gani huyo asiyejua hata wiki? Au amelala? Hebu simama mbele ya kioo ujitazame!"

Ndipo nilipoelewa, na nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nilicheka kama mjinga. "Mama," nikasema, "siyo mimba. Ni bastola."

Upande wa pili hapakuwa na kicheko. Nilisikia televisheni ya mdogo wangu ikiongea, kisha nikasikia mtu ameizima.

"Nilitamani iwe mimba," mama akasema. Halafu, bila kupandisha sauti, "Nyumba yenye bunduki sitalala, mwanangu. Hata siku moja." Akakata simu.

Mama yangu hatishii. Akisema hali nyama, haguswi na harufu ya mchuzi. Nilijua kwamba nikinunua bastola, mama hatakuja, na nisiponunua, nitaendelea kukaa ndani ya gari mbele ya nyumba za wazee mpaka kazi inikimbie. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Na ndipo nilipopata wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana. Nitatafuta bastola kubwa ya kumtosha mwizi na ndogo ya kumtosha mama. Kama ni ndogo kabisa, nikajiambia, ndogo kama kitu cha mchezo, mama ataiona na kusema, ah, ni hii tu?

Kanisani kwetu, Gahanna, kuna Mkenya mmoja, shemasi, msomi, anafanya kazi ya hesabu za bima. Ni mtu mpole, huwashikia wazee milango. Nilimfuata baada ya ibada tukiwa na vikombe vya chai, nikamwuliza kwa kunong'ona, kwa sababu nilidhani naulizia jambo la aibu. Macho yake yaliwaka. Ilibainika kwamba chini ya koti lile la Jumapili, shemasi naye alikuwa anabeba. Nilimtazama kuanzia kola hadi mkanda nisione kitu, na nilijiuliza ni mara ngapi amenikumbatia kwa amani ya Kristo kitu kile kikiwa katikati yetu.

"Sister, wacha nikuambie," akasema. "Hiyo forty-five ya brother yako ni mambo ya wazee. Siku hizi risasi ya tisa imetengenezwa vizuri, inapanuka ikifika. Inaingia vya kutosha, unabeba nyingi, na haikupigi teke sana. Tisa inatosha."

"Na mia tatu na themanini?"

Alicheka kwa upole. "Hiyo pia ni tisa, Sister, upana ni karibu ule ule. Lakini ganda lake ni fupi, baruti ni kidogo. Ni tisa iliyozaliwa kabla ya siku zake. Haitoshi."

Nilianza kuliona neno hilo kila mahali. Kaka aliniambia arobaini na tano inatosha. Shemasi aliniambia tisa inatosha. Kwenye video nilizotazama, watu wenye ndevu walifyatulia risasi vipande vya mafuta yaliyoganda mfano wa nyama ya mtu, kisha wakapima kwa rula shimo limefika wapi, na wote walitafuta kutosha. Nilizitazama nikiwa nimeshika kijiko, chakula kinapoa. Siwezi kusema zilinichukiza. Zilinistaajabisha. Sikujua kwamba binadamu amelijua jambo hili kwa undani namna hii, kwa utulivu, kwa rula.

Mwanamke aliyenifundisha kupiga risasi alikuwa mama wa makamo, Mmarekani mweusi, mwenye duka na uwanja wa shabaha ndani yake, Columbus. Zamani aliendesha basi la shule, na bado alikuwa na sauti ya kukalisha watoto. Kabla ya kunipa bastola ya kweli alinifunga mkanda wenye ala, akanipa bastola ya mpira, ya mazoezi, na kuniambia niiweke saa nne.

Wanaposema hivyo wanamaanisha kiuno ni uso wa saa. Kitovu ni kumi na mbili, nyonga ya kulia ni tatu, nyuma yake kidogo ni nne. Alikuwa amenieleza vizuri na nilikuwa nimeelewa vizuri. Lakini mimi nimekaa nchi hii nikigeuza saa za watu kila siku. Wakiniambia kazi inaanza saa fulani, kichwa changu kinavuka upande wa pili wa saa kabla sijakiruhusu, kwa sababu kwetu siku huanza jua linapochomoza, wala si katikati ya usingizi. Nne yao ni kumi yangu. Nikaichukua ile bastola ya mpira na kuipachika kwa uhakika kabisa kwenye kumi, upande wa kushoto, mbele.

"Saa nne," akasema tena.

"Ndiyo," nikasema, nikaipigapiga ili aone.

Akaniambia niichomoe hapo hapo nilipoiweka. Nikapeleka mkono wa kulia kushoto, nikaichomoa, nikaizungusha mbele. Akanishika kifundo cha mkono katikati ya safari. "Tazama mtutu unaelekea wapi," akasema. Ulikuwa unapita juu ya tumbo langu. Nikamrudishia haraka, ingawa ilikuwa ya mpira.

Nikamweleza habari za saa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atacheka, lakini alikaa kwenye kiti chake akasema, "Kwa hiyo saa ya kwanza ya siku, kwenu, ni baada ya jua?" Nikasema ndiyo. Akasema hilo ndilo jambo la maana kuliko yote aliyosikia mwaka ule. Kisha akachukua chaki na kuchora alama nyuma ya nyonga yangu ya kulia, juu ya suruali. "Hapa. Usihesabu chochote."

Halafu akanipa ya kweli. Tulianza na mia tatu na themanini ndani ya kibastola kinachoenea kiganjani, kile kile nilichokuwa nikikiota, kile cha kumwonyesha mama. Nilifyatua. Sauti sikuisikia kwa masikio, kwa maana yalikuwa yamezibwa, niliisikia kwenye meno na kwenye mifupa ya kifua. Kile kitu kidogo kilinirusha mkono juu na kunichubua kiganja. Nikakiweka chini nikiwa na machozi. Akanipa bastola kubwa zaidi, ya tisa, nikafunga macho nikisubiri mabaya. Iliruka kidogo tu, ikarudi mahali pake kama ng'ombe aliyezoea kukamuliwa.

"Uzito wa chuma ndio unaolimeza teke," akasema. "Kidogo hakina pa kulimeza, kwa hiyo unameza wewe."

Ndogo ndiyo kali na kubwa ndiyo pole, na wiki zote zile nilikuwa nimeyapima mambo kwa macho. Alivuta ile karatasi ya shabaha mpaka kwetu. Matundu yalikuwa madogo, kingo zake safi, na nilipochungulia kwenye moja niliona ukuta wa mbali. Nilipitisha kidole. Mtu hawezi kuamini kwamba mlio wote ule ni kwa ajili ya tundu lile.

Alitaka nichukue tisa. Mkono wangu pia uliitaka tisa. Lakini mimi nilikuwa namnunulia mama, kama unaweza kuiita hivyo, na mama hangeweza kuiona ile tisa bila kuona bunduki. Tukakubaliana juu ya mia tatu na themanini yenye kiwiliwili kinene kidogo, isiyouma, naye akasema, basi, itatosha. Nikamwomba aniwekee mpaka nitakaporudi kutoka Buffalo kumbembeleza mama na kumchukua, kwa sababu New York hawacheki na mambo hayo: vibali vya Ohio hawavitambui, na mtu akikamatwa amebeba bila kibali chao anakwenda jela. Alinieleza hilo kwa kuinua kidole.

Njia nzima ya kaskazini nililifikiria. Bastola ile ile, kiuno kile kile, unapita kibao barabarani na umekuwa mhalifu. Lakini mipaka naifahamu. Mama alivuka mmoja akiwa mwenye shamba na nyumba ya bati, akatokea upande wa pili akiwa mkimbizi, na udongo ulikuwa ule ule. Baada ya Cleveland ziwa likajitokeza kushoto, la kijivu, halina ng'ambo. Nilisimama kuweka mafuta mara moja tu, nikiwa natazama nyuma kama mwizi, na mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ile sehemu iliyochorwa chaki siku ile, ambako hapakuwa na kitu.

Nilimkuta mama jikoni, Cheektowaga, anachambua maharage kwenye ungo. Mdogo wangu alikuwa kazini. Nje theluji ya mwisho ilikuwa imechafuka pembezoni mwa njia. Nilisalimia, akaniitikia, akaniuliza habari za safari, akaniwekea chai. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kwamba hakukuwa na begi popote. Nilipita chumbani kwake nikijidai natafuta msalani. Nguo zake zilikuwa bado zimetundikwa.

Nikarudi nikakaa mbele yake na kuanza maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi tangu Ohio. Nilimweleza kuhusu maegesho, kijana, viatu. Hakucheka kwenye viatu. Nilimweleza jinsi ninavyokaa ndani ya gari. Nikamwambia kwamba sikuchukua kubwa, nimemkatalia kaka, nimemkatalia hata shemasi. Kisha, kwa kuwa sikuwa na kitu cha kumwonyesha, nikachukua maharage kwenye ungo. Nikaweka nene mezani. "Hii ndiyo ya kaka," nikasema. Nikaweka ya wastani. "Hii ndiyo ya shemasi." Halafu nikatafuta kwa kidole mpaka nikapata dogo kuliko yote, nikaliweka mbele yake peke yake. "Na hii ndiyo yangu."

Mama aliliinamia lile harage. Alilitazama kwa makini, kama anavyotazama anapotafuta yaliyotobolewa na wadudu.

"Ndogo," akasema.

"Ndogo kabisa, mama. Hakuna aliyeisifu."

"Na wanasema inatosha?"

"Wengine wanasema haitoshi. Mwalimu wangu anasema inatosha."

"Inatosha kufanya nini?"

Kwa Kiingereza nilikuwa na majibu mengi, nilikuwa nimeyasikia kwenye video. Kwa lugha niliyoongea na mama sikuwa na hata moja ambalo ningeweza kulitamka mezani kwake.

Alijipangusa mikono, akasimama kwa kushikilia meza, akanigeuzia mgongo. Akashusha kitenge chake upande mmoja, chini ya kiuno, nyuma ya nyonga. Mimi ni mtu mzima na kazi yangu ni kuogesha wazee, lakini mwili wa mama yangu sikuwahi kuuona hapo, na niligeuza uso.

"Lete mkono," akasema.

Nikaupeleka. Aliukamata na kuubonyeza mwenyewe. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu. Kilikuwa kirefu kidogo, laini kwa nje, na kiliteleza nilipokigusa, kisha kikarudi. Vidole vyangu vilikijua kabla yangu. Wiki zote zile vilikuwa vimeshika vitu vya namna ile, vikavipima, vikavilinganisha. Kilikuwa chembamba kuliko tisa. Kilikuwa chembamba hata kuliko ile ndogo ambayo shemasi aliicheka.

"Hiyo ni ya ngapi?" mama akaniuliza. Hakuwa anatania.

Nilikigusa tena.

"Ilikuwa imechoka," akasema. "Ilitoka mbali. Tulikuwa karibu kuufikia mto wa mpakani. Nilikuwa na mimba yako, miezi saba. Iliingia huku, na wewe ukaruka kule mbele. Nilikusikia. Nikasema, basi, huyu yupo, nikaendelea kutembea."

Nilipiga magoti pale jikoni, si kwa kusali, ila nipate kukitazama kwa karibu. Mkono wangu ulikuwa bado juu yake. Nilikuwa nimekaa ndani ya mwanamke huyu pamoja na kile kitu, yeye akatutembeza wote wawili mpaka Tanzania. Nimeona mengi ya kushangaza katika nchi hii, majengo, madaraja, ziwa lisilo na ng'ambo, na hakuna hata moja lililowahi kunifanya mdogo namna ile.

"Kaka anajua?"

"Kaka yako alikuwa ameshika kitenge changu. Ndiyo sababu anapenda kubwa."

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza nani alipiga." Alipandisha kitenge chake na kukikaza. "Na mimi nilimjua."

Akakaa. Akavuta ungo, akayarudisha yale maharage matatu kwa wenzao, akaendelea kuchambua.

"Daktari wa hapa aliiona kwenye picha," akasema. "Akasema anaweza kuitoa, au ikae tu. Nikamwambia ikae. Wewe nilikubeba miezi tisa, ukatoka. Hii bado naibeba."

Nilikaa sakafuni nikiitazama mikono yake. Nilikuwa nimewauliza watu wa miji miwili ni ipi inanitosha mimi. Sikuwa nimemwuliza mtu ni nani atakayeibeba baadaye, na kwa muda gani. Woga wangu ulikuwa pale pale, sitadanganya, na hadi leo kuna asubuhi ninakaa ndani ya gari nikihema kabla ya kufungua mlango. Lakini nilichukua simu nikampigia yule mama wa duka, nikamwambia airudishe kabatini. Aliniuliza kama nimepata ya ukubwa mwingine. Nikasema hapana.

Mama alinisubiri nimalize. Kisha akaniambia kwamba begi lake liko juu ya kabati la chumbani, na yeye halifikii.